Watakatifu wa Barafu na Shamba la Watu Wengi



Somo letu leo ni Mhubiri 11:1-6. Fungua Biblia usome kwanza wewe mwenyewe, maana hapa sitaiandika, nitatembea tu pembeni yake. Ni aya sita fupi. Ndani yake kuna mkate unaotupwa majini, kuna kugawa sehemu kwa watu saba au hata wanane, kuna mawingu na upepo, mti ulioanguka, mtoto anayeumbika tumboni mwa mama yake, na mwishoni mbegu inayopandwa asubuhi na tena jioni. Ukisoma haraka utasema huyu mzee amechanganya methali tu. Ukisoma polepole unamwona mtu mmoja: mkulima amesimama ukingoni mwa shamba, anatazama juu, hajui kesho itakuwaje, na hata hivyo lazima aamue leo.

Nataka tumtazame mkulima huyo mahali ambapo shida yake inaonekana waziwazi: Ujerumani, mwezi wa nne na wa tano, kwenye shamba dogo la mboga ambalo walaji wenyewe wamelilipia kabla mbegu haijaingia ardhini. Nimechagua huko kwa sababu mbili. Usiku mmoja wa baridi unaweza kuua kazi ya wiki nane. Na wakulima wa huko wamezipa siku hizo za baridi majina ya watakatifu, tena watakatifu wetu kabisa.

Kulipia mboga ambazo hazijaota

Wajerumani wanakiita kilimo cha mshikamano, kwa kifupi Solawi. Shamba linalotajwa kuwa la kwanza nchini mwao ni Buschberghof, katika kijiji cha Fuhlenhagen, mashariki ya jiji la Hamburg, lililoanza utaratibu huu mwaka 1988. Historia yake ilizunguka kidogo. Mmoja wa wakulima wa pale, Trauger Groh, alikuwa amehamia Marekani, na mwaka 1986 alishirikiana na wenzake kuanzisha Temple-Wilton Community Farm katika jimbo la New Hampshire. Leo Ujerumani ina mamia ya mashamba ya aina hii. Si mashamba ya Kanisa, na sitaki kuyabatiza kwa nguvu. Nayachukua kama Bwana wetu alivyowachukua wapanzi na wavuvi: alianza na kazi ambayo watu wanaijua, ndipo akazungumza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Wakati wa baridi, theluji ikiwa bado nje, wanachama wanakutana. Mkulima anasimama mbele yao na bajeti ya mwaka mzima: mishahara, mbegu, dizeli ya trekta, matengenezo ya banda, kila kitu. Anasema shamba linahitaji kiasi fulani. Katika mashamba mengi hakuna bei ya kilo. Kila mwanachama anaandika kwenye karatasi kiasi anachoweza kutoa kwa mwezi, karatasi zinakusanywa na kujumlishwa. Zisipotosha, zinazungushwa tena, na mwenye uwezo anaongeza. Mwenye kipato kidogo anaandika kidogo na hakuna anayemnyooshea kidole. Baada ya hapo, kila wiki wanachama wanagawana kilichotoka shambani. Mwaka ukiwa mzuri kapu linajaa. Mwaka ukiwa mbaya kapu ni jepesi, na fedha hazirudi.

Hapo kwenye "fedha hazirudi" ndipo penye somo.

Maana sisi nasi tunalijua neno "kupanda mbegu". Tumelisikia redioni, tumelisikia kwenye mikutano ya viwanjani, na siku hizi linatufikia hata kwenye simu: panda mbegu ya elfu kumi, utavuna laki. Sitaki kugombana na mtu. Nasema tu kwamba yeyote aliyewahi kushika jembe anajua kupanda hakuko hivyo. Mbegu si hundi. Ukiiweka ardhini umeiachia: imeingia mikononi mwa maji, joto, wadudu na Mungu. Mwanachama wa lile shamba la Ujerumani ameandika kiasi chake kwenye karatasi mwezi wa kwanza, na hakuna aliyemwahidi nyanya. Alichonunua, kama ni lazima tulitumie neno hilo, ni nafasi ya kuwa upande mmoja na mkulima usiku wa baridi utakapokuja. Mhubiri anasema mkate uliotupwa majini utauona tena baada ya siku nyingi. Hasemi utauona umeongezeka mara mia, wala hasemi siku ngapi.

Kwetu tunangoja maji, wao wanangoja joto

Tuingie shambani sasa. Kwa wengi wetu kalenda ya kupanda inaongozwa na mvua. Masika yakichelewa, kila mtu anauliza "bado?" Kule kaskazini, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kwa kawaida maji yapo, tena mara nyingi ni mengi kupita kiasi. Kinachongojwa ni joto, na si joto la hewa peke yake bali hasa joto la udongo.

Karoti ni mfano mzuri. Udongo ukiwa na nyuzi 5 za Selsiasi, mbegu ya karoti inaweza kukaa karibu siku 50 kabla ya kuota. Ukiwa na nyuzi 20, wiki moja tu inatosha. Mbegu ni ileile na mkono ni uleule. Njegere, spinachi na figili ni wavumilivu, wanaweza kwenda ardhini mwezi wa tatu. Maharage ni kinyume kabisa: ukiyafukia kwenye udongo wa baridi wenye maji hayasubiri, yanaoza. Hivyo mkulima anayepanda maharage mapema ili awahi, mara nyingi anavuna baadaye kuliko jirani yake aliyekaa kimya wiki tatu, kwa sababu inabidi arudie.

Halafu kuna suala la udongo wenye maji. Maji yanachelewa kupata joto kuliko hewa, kwa hiyo shamba lililolowa linabaki baridi hata jua likiwaka. Na ukiingiza trekta kwenye udongo mbichi, magurudumu yanaushindilia, yanafunga vinjia vya hewa, na kovu hilo linabaki msimu mzima na pengine zaidi. Kipimo cha wakulima ni cha kizamani na hakina gharama: chukua udongo kiganjani, ukamue, halafu uusukume kwa kidole gumba. Ukivunjikavunjika, endelea na kazi. Ukibaki donge kama unga wa ugali uliokandwa, rudi nyumbani. Napenda kipimo hiki. Kijana mwenye nguvu, siku ya jua, trekta limejaa mafuta, wanachama mia wanangoja mboga, na donge dogo la udongo linamwambia hapana.

Kuna jambo jingine ambalo sisi hatulitegemei. Majira ya kuchipua ni mazuri kwa macho lakini ni maskini kwa tumbo. Mwezi wa nne kila kitu ni kijani, ndege wanaimba, na kapu la mwanachama ni jepesi kuliko wakati wowote wa mwaka. Viazi vya ghalani vimeanza kuchipua, karoti za mwaka jana zimelegea, kabichi zimekwisha, na mboga mpya bado ni vidole viwili juu ya ardhi. Wanaotoka Songea au Sumbawanga wataelewa haraka: mahindi yamesimama kijani shambani huku ghala limebaki vumbi. Na tazama kalenda ya Kanisa: Kwaresima ya watu wa kaskazini inaangukia wakati huohuo ambapo ghala linaelekea ukingoni. Kufunga kwao hakukuwa mbali sana na ukweli wa jikoni.

Usiku wa nyota nyingi

Sasa baridi yenyewe. Wasomaji wa Makete na Njombe hawahitaji maelezo, wameshaona mwezi wa saba majani ya viazi yakiwa yamefunikwa na barafu nyembamba alfajiri, na jua likipanda yanakuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Hiyo ndiyo jalidi. Kwa wengine nitaeleza.

Mchana ardhi inapokea joto la jua. Usiku inalitoa kuelekea angani. Kukiwa na mawingu, yanafanya kazi ya blanketi, sehemu ya joto inarudi chini. Anga likiwa safi na upepo ukiwa umetulia, joto linakwenda zake. Hewa iliyo karibu na ardhi inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito inatiririka polepole hadi mabondeni na kutuama humo kama maji. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa kimo cha mtu kinaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri wakati pale chini, miche ilipo, tayari ni barafu. Na ndiyo maana usiku mzuri kuliko yote, wenye nyota nyingi na utulivu, ule ambao wewe na mimi tungetoka nje kusali rozari tukitazama mbingu, ndio usiku ambao mkulima halali.

Nyanya, matango, maboga na maharage havina kinga. Seli zao zimejaa maji, maji yakiganda seli zinapasuka, na asubuhi mche umelala. Miti ya matunda ina shida ya namna yake. Tufaha likiwa bado limelala wakati wa baridi linavumilia baridi kali mno. Lakini likishafungua maua, nyuzi 2 chini ya sifuri zinaanza kuua, na nyuzi 4 chini ya sifuri zinaweza kuua karibu maua yote. Kwa hiyo hatari kubwa ni mwezi wa tatu wenye joto. Mwezi wa tatu ukiwa na joto, miti inadanganyika, inafungua maua mapema, na mwezi wa nne baridi inarudi kuchukua chake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017. Maua yaliwahi, kisha baada ya Pasaka, kuelekea tarehe 20 Aprili, baridi kali ikapita sehemu kubwa ya Ulaya, na mavuno ya matufaha ya Ujerumani mwaka ule yakapungua kwa zaidi ya theluthi moja kuliko mwaka uliotangulia.

Kule Altes Land, eneo la bustani za matunda kando ya mto Elbe karibu na Hamburg, wana njia ambayo mara ya kwanza niliposoma nilidhani ni mzaha. Usiku wa jalidi wanainyunyizia miti maji. Maua yanafunikwa na barafu. Lakini maji yanapoganda yanatoa joto, na maadamu unaendelea kunyunyiza, ua lililo ndani ya barafu linabaki kwenye sifuri hivi, halishuki zaidi. Asubuhi bustani nzima inang'aa kama kioo, na ndani ya kioo ua liko hai. Shamba dogo la mboga kwa kawaida halina mitambo ya namna hiyo. Lina vitambaa vyepesi vyeupe vya kufunika matuta, lina kitalu nyumba cha nailoni, na lina watu: ujumbe unatumwa mchana kwamba leo usiku ni hatari, na wanachama wenye nafasi wanaweza kuja kufunika matuta kabla jua halijazama. Mtu aliyelipia kapu lake mwezi wa kwanza anajikuta amepiga magoti kwenye tope mwezi wa tano, anaweka mawe kwenye ncha za kitambaa ili upepo usikichukue.

Mamerto, Pankrasi, Servasi, Bonifasi na Sofia

Hawa ndio Watakatifu wa Barafu, na siku zao zinafuatana: Mamerto tarehe 11 Mei, Pankrasi 12, Servasi 13, Bonifasi wa Tarso 14, na Sofia 15, ambaye Wajerumani wanamwita Sofia Baridi. Kanuni ya wazee ni kwamba usipeleke nje mche wowote unaoogopa baridi kabla ya Sofia kupita. Kaskazini wanaanza kuhesabu kwa Mamerto. Kusini wengi wanaanza na Pankrasi, na wanaeleza kwamba hewa ya baridi inatoka kaskazini, inachelewa siku moja kufika.

Wenyewe hawakuwa na uhusiano wowote na barafu. Pankrasi, kwa mapokeo, alikuwa kijana wa miaka 14 aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya nne. Servasi alikuwa askofu, kaburi lake liko Maastricht. Walipewa kazi hii ya hali ya hewa kwa sababu ya tarehe zao tu. Na tarehe zenyewe zina utata. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alirekebisha kalenda kwa kuruka siku kumi: baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. (Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku huohuo, ndiyo maana watu husema alikufa usiku uliochukua siku kumi.) Kama kanuni ya wakulima ni ya kale kuliko mabadiliko hayo, basi baridi waliyokuwa wakiizungumzia iliangukia karibu tarehe 21 hadi 25 Mei ya kalenda yetu. Na kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa hazionyeshi baridi inayorudi kila mwaka tarehe hizo hasa.

Kumbe basi ni ushirikina? Hapana, na hapa filosofia inasaidia kidogo. Aristotle alitofautisha mambo yanayotokea daima na mambo yanayotokea mara nyingi. Kwamba pembe tatu ina pembe zenye jumla ileile, hilo ni daima. Kwamba baada ya katikati ya Mei jalidi haiji, hilo ni mara nyingi. Maisha yetu mengi yako kwenye hilo kundi la pili, na mtu anayedai uhakika wa pembe tatu kabla ya kupanda nyanya hatapanda. Ndiye yule wa aya ya 4 ya somo letu, anayekaa akiutazama upepo. Lakini kanuni ya mara nyingi haikulindi kila mara. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 2023, siku tatu nzima baada ya Sofia, baridi kali iliharibu maua ya matufaha katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, Vermont likiwa mojawapo. Waliokuwa wamengoja kwa uaminifu nao walipata hasara.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anapochambua fadhila ya busara katika Summa Theologiae, anataja sehemu zake nane. Nne kati yake ukizipeleka shambani zinaeleweka mara moja. Kuna kumbukumbu: daftari la mkulima, linaloonyesha mwaka gani jalidi ilikuja lini na bonde lipi liliungua. Kuna kukubali kufundishwa: kumsikiliza bibi anayesema ngoja Sofia, hata kama una shahada. Kuna kuona mbali, na kuna tahadhari. Thoma hasemi kwamba busara ni kujua yatakayotokea. Angesema hivyo, ni Mungu peke yake angekuwa na busara, na sisi tusingekuwa na la kufanya.

Saba, au hata wanane

Basi mkulima wetu afanye nini, akiwa hajui? Rudi kwenye aya ya 2 na ya 6, maana Mhubiri si mtu wa kukata tamaa kama anavyosingiziwa. Jibu lake ni kugawa. Mbegu ya asubuhi na mbegu ya jioni, kwa sababu hujui ni ipi itafanikiwa.

Ndivyo shamba la mboga linavyofanya. Saladi haipandwi yote siku moja. Inapandwa kidogo kila wiki au kila wiki mbili, tuta moja likiungua lingine bado liko kitaluni. Miche ya nyanya haitolewi yote nje; sehemu inabaki ndani kama akiba. Miche ile itakayotoka inazoeshwa kwanza kwa siku saba hadi kumi: inatolewa nje mchana, inarudishwa ndani usiku, mpaka majani yake yakakamae. (Malezi ya seminari yana kitu cha namna hii, ila mlezi haiti hivyo.) Bonde linapewa kabichi inayovumilia, mahali pa mwinuko panapewa maharage. Kila uamuzi ni kukataa kuweka kila kitu kwenye usiku mmoja.

Na mashamba haya yamefanya hivyohivyo kwa watu. Mkulima wa kawaida mwenye mkopo akiunguliwa na jalidi, hasara yote inalala kitandani kwake yeye na mke wake. Hapa imegawanywa kwa kaya mia moja au mia mbili, na kila kaya inaisikia kama wiki kadhaa za kapu lisilo na matango. Inauma kidogo kwa wengi badala ya kumuua mmoja. Mhubiri anasema gawa kwa saba au hata wanane, kwa kuwa hujui ni baya gani litakuja juu ya nchi. Wafafanuzi wengine wanaisoma aya hiyo kama ushauri wa biashara, wengine kama agizo la kutoa sadaka. Mbele ya shamba la namna hii sioni kwa nini tuchague moja.

Kwa sababu hiyo siku hizi nikifika kwenye kuomba mkate katika Baba Yetu, nasimama kidogo kwenye lile neno dogo la kumiliki. Tumefundishwa kusema wetu. Sali uone jinsi lilivyo gumu ukilichukulia kwa uzito: nikiomba mkate wetu, basi na ukame wa shamba la mtu mwingine umekuwa wetu, na jalidi yake ni yetu. Mtu hawezi kuomba mkate kwa wingi na kupokea hasara kwa umoja.

Je, tuombee hali ya hewa?

Swali hili huwa linaulizwa kwenye vikundi vyetu, kwa kawaida na yule kijana wa sayansi anayekaa nyuma. Kama jalidi inatokana na anga safi na hewa tulivu, sala inafanya nini?

Kanisa halijawahi kuona aibu kuombea mashamba. Yule Mamerto wa tarehe 11 Mei alikuwa askofu wa Vienne, ambayo leo iko Ufaransa, na mnamo mwaka 470, mji wake ukiwa katika maafa, aliagiza siku tatu za kufunga na maandamano ya sala kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Kutoka kwake desturi ya siku za maombi ikaenea Kanisa zima la Magharibi: watu wanatoka kanisani wakiimba Litania ya Watakatifu na kuzunguka mashamba. Katika vijiji vya Kikatoliki vya Ujerumani na Austria maandamano hayo bado yapo, na kuna baraka ya hali ya hewa inayotolewa kwenye Misa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Marko, 25 Aprili, hadi Kutukuka kwa Msalaba, 14 Septemba. Yaani kipindi chote ambacho kuna kitu shambani cha kuharibika. Nafurahi kwamba mtakatifu wa kwanza wa barafu ndiye huyohuyo aliyewafundisha watu kuyatembelea mashamba kwa sala. Sijui kama wakulima waliopanga orodha walilitambua hilo.

Kuhusu kijana wa sayansi, Thoma ana jibu ambalo halimdharau. Anasema hatusali ili tubadilishe mpango wa Mungu, bali tupate yale ambayo Mungu amepanga yapatikane kwa njia ya sala. Sala iko ndani ya mpango pamoja na sababu nyingine, kama vile kitambaa cheupe kilivyo ndani ya mpango. Kwa hiyo anayesali halafu akaacha matuta wazi hajaelewa, na anayefunika matuta bila kusali amefanya kazi nzuri lakini amejiona peke yake usiku. Mwanzo 8:22 Mungu anasema kwamba kupanda na kuvuna, baridi na joto, havitakoma maadamu dunia ipo. Ahadi hiyo ni ya majira. Hakuna mahali alipoahidi matango ya mwaka huu, na tazama kwamba baridi nayo imo ndani ya ahadi.

Mkikutana kikundini, someni Mhubiri 11:1-6 pamoja na Yakobo 5:7, pale anapomtaja mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Halafu zungumzeni juu ya jambo moja tu: katika jumuiya yenu ndogo ndogo, mazao ya mtu yakiharibika, au kibanda chake kikiungua, au akifeli mtihani wa mwisho, ni watu wangapi wanaoisikia hasara ile mifukoni mwao au kwenye ratiba zao? Taja namba, usitaje maneno mazuri. Kama namba ni moja, jadilini itafikaje saba, au hata wanane.

Na kama una rafiki au ndugu anayeishi Ujerumani, muulize tarehe 16 Mei watu wanafanya nini bustanini. Ndiyo siku ambayo wengi wanazitoa nyanya nje, na vile vitambaa vyeupe wanavikunja lakini hawavipeleki mbali.